Mwanafizikia Asipelekwe kwa Jirani Kujifunza Programu

Kuna rai iliyoota mizizi katika vyuo vikuu vingi, na walioizoea hawaoni hata haja ya kuitetea: mwanafunzi wa fizikia akitakiwa kujua kuandika programu za kompyuta, apelekwe idara ya kompyuta. Huko atakaa muhula mmoja pamoja na wenzake wa uhandisi, takwimu na biashara. Atafundishwa vigeu, vitanzi na masharti, aandike programu ya kupanga majina kwa alfabeti na nyingine ya kukokotoa salio la akaunti ya benki, afanye mtihani kwa kalamu na karatasi, kisha arudi kwenye fizikia yake. Idara ya fizikia inaweka alama ya vyema kwenye mtaala na mambo yanaendelea kama kawaida.

Rai hiyo ina watetezi makini, na hoja zao si za kupuuzwa. Wahadhiri ni wachache, kwa hiyo kwa nini idara mbili zifundishe kitu kimoja? Aliyesomea kompyuta anaijua kompyuta kuliko aliyesomea sumaku na umeme. Isitoshe, wanasema, kitanzi ni kitanzi: kikihesabu magunia ya mahindi au kikihesabu mwendo wa sayari, sarufi yake ni ile ile. Hoja hii ya mwisho ndiyo inayozibeba nyingine zote, na ndiyo iliyo mbovu.

Chukua tatizo ambalo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fizikia analijua. Kitu cha kilo moja kimefungwa kwenye springi, kinavutwa kidogo na kuachiwa. Springi iwe ile inayohitaji niutoni moja ili ivutike mita moja, hesabu zisitusumbue. Programu yake inahitaji mistari mitatu ndani ya kitanzi. Mstari wa kwanza unatafuta mchapuko kutokana na mahali kitu kilipo. Wa pili unakisogeza kitu kwa kasi iliyopo. Wa tatu unabadilisha kasi kwa kutumia ule mchapuko. Muda unasonga kwa hatua za sehemu ya kumi ya sekunde. Mwanafunzi anaiendesha programu, kompyuta hailalamiki, namba zinatiririka, mchoro unatokea.

Mchoro huo ni uongo. Kwa kila hatua, nishati inaongezeka kwa asilimia moja kamili. Baada ya hatua 100, yaani sekunde 10 tu, nishati imefika mara 2.7 ya ile ya mwanzo. Baada ya hatua 1,000 imepita mara 20,000. Springi ya namna hiyo ingekuwepo kweli, mgao wa umeme ungekuwa hadithi ya zamani.

Sasa mstari wa pili na wa tatu ibadilishane nafasi, basi. Kasi ibadilishwe kwanza, halafu kasi hiyo mpya ndiyo ikisogeze kitu. Hakuna neno lililoongezwa wala kupunguzwa. Nishati sasa inayumba kidogo, juu na chini, lakini haitoroki hata programu ikiachwa ikiendelea usiku kucha. Njia ya kwanza inaitwa kwa jina la Leonhard Euler. Ya pili ilienea miongoni mwa walimu wa fizikia baada ya Alan Cromer kuiandikia makala katika jarida la American Journal of Physics mwaka 1981, na Cromer hakuficha kwamba aliyeiangukia alikuwa mwanafunzi wa sekondari.

Mhadhiri wa kompyuta akiletewa programu hizo mbili azisahihishe kwa vigezo vya somo lake, atazipa zote alama kamili, wala hatakuwa amemwonea au kumpendelea mtu. Zote zimefuata sarufi ya lugha, zote zinafika mwisho, vigeu vimepewa majina yanayoeleweka. Anayeweza kusema kwamba moja inafaa na nyingine ni takataka ni yule aliyezoea kuuliza nishati imetoka wapi. Hilo ni swali la fizikia. Lisipoulizwa siku ile ile programu inapoandikwa, mwanafunzi anaondoka darasani na imani mbaya kuliko ujinga: kwamba programu isiyotoa ujumbe wa kosa haina kosa.

Historia ya fani yenyewe inatoa ushahidi. Katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Enrico Fermi, John Pasta na Stanislaw Ulam waliamua kuitumia kompyuta iliyoitwa MANIAC kuchunguza mnyororo wa chembe zilizounganishwa kwa springi, ila springi zisizofuata kikamilifu kanuni ya Hooke. Programu iliandikwa na Mary Tsingou. Walitarajia kwamba nishati iliyowekwa kwenye mtetemo mmoja ingesambaa polepole kwenye mitetemo mingine yote hadi igawanyike sawasawa, kama fizikia ya takwimu ilivyofundisha. Haikusambaa. Ilihamia kwenye mitetemo michache, ikazunguka humo, kisha karibu yote ikarudi ilikotoka. Ripoti yao ilitoka mwaka 1955. Fermi hakuiona, kwani alifariki Novemba 1954.

Matokeo yale yalifanana kabisa na kosa la programu. Mtu aliyefundishwa kupanga majina kwa alfabeti angefuta kila kitu na kuanza upya, na angesifiwa kwa uangalifu wake. Wao walikuwa na cha kukagulia: jumla ya nishati, ambayo ilipaswa ibaki pale pale hata kama mgawanyo wake unashangaza. Ilibaki. Kwa hiyo mshangao ulikuwa wa kweli, na kutokana nao likazaliwa tawi zima la utafiti wa mifumo isiyo ya mstari.

Tsingou, kwa upande wake, alishukuriwa kwa maneno machache ndani ya ripoti na hakuwekwa miongoni mwa waandishi. Ilipita zaidi ya nusu karne ndipo wanafizikia walipoanza kuliongeza jina lake kwenye jina la tatizo hilo. Watu wa wakati ule waliiona kazi yake kama ya karani anayepiga chapa barua ya bosi. Dharau hiyo haijafa. Imevaa suti, inakaa kwenye vikao vya mitaala, na inasema kuandika programu ni ufundi wa pembeni ambao mwanafizikia anaweza kuuchukua popote.

Hata hivyo jirani naye atendewe haki. Yapo mambo ambayo idara ya kompyuta inayafundisha vizuri kuliko mwanafizikia wa kawaida, na mojawapo lilishaua watu. Februari 25, 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa jeshi la Marekani ulishindwa kulizuia kombora la Scud na askari 28 wakafa. Mtambo ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa namba za msingi wa mbili, kama theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali. Kosa lilikuwa dogo mno, lakini mtambo ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo. Kufikia hapo saa yake ilikuwa imepotoka kwa kama theluthi moja ya sekunde, muda unaolitosha kombora kama lile kusafiri zaidi ya nusu kilomita. Anayetaka mwanafizikia ajifunze mambo ya namna hiyo kwa mtaalamu wa kompyuta hakosei.

Anakosea anapodhani kwamba yanatosha. Chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter, kilichopotea Septemba 23, 1999 kilipokuwa kikiingia kwenye mzunguko wa sayari ya Mirihi, hakikuponzwa na namba za msingi wa mbili. Programu moja ilitoa msukumo kwa pauni-sekunde, nyingine ikaupokea kana kwamba ni niutoni-sekunde, tofauti ya karibu mara nne na nusu. Kompyuta haikuona tatizo, kwa sababu kompyuta inaona namba tu, haioni kipimo. Vipimo ni mada ya wiki ya kwanza ya fizikia, na mada hiyo hufundishwa wiki hiyo moja na kusahaulika kwa kuwa mwanafunzi hapewi mahali pa kuumia nayo.

Na kuhusu dai kwamba aliyesomea kompyuta ndiye mwenye kompyuta yake: daftari la programu ambalo wanasayansi wengi duniani wanalitumia leo, Jupyter, chimbuko lake ni IPython, kazi iliyoanzwa mwaka 2001 na Fernando Pérez alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu wa fizikia huko Colorado. Maktaba ya kuchorea grafu, Matplotlib, ilianzishwa na John Hunter, mtu wa baiolojia ya neva. Tim Berners-Lee, aliyebuni mtandao wa tovuti akiwa CERN, shahada yake ya Oxford ni ya fizikia. Hawa hawakungoja jirani.

Wanaodai kwamba hakuna namna nyingine waangalie Oslo. Chuo Kikuu cha Oslo, baada ya mageuzi ya elimu ya juu ya Norway ya mwaka 2003, kilipanga upya mwaka wa kwanza wa sayansi. Mwanafunzi akawa anasoma kalkulasi, hesabu za kompyuta na uandishi wa programu sambamba katika muhula wa kwanza. Muhula wa pili akiingia kwenye mekanika, maswali ya mekanika yametungwa na mtu anayejua kwamba mwanafunzi huyu anaweza kuandika programu. Anders Malthe-Sørenssen, mmoja wa wahadhiri wake, aliandika hata kitabu cha mekanika ambacho programu ziko ndani ya sura zenyewe, bega kwa bega na kanuni za Newton.

Mtetezi wa rai kongwe atadakia: mbona somo la programu la Oslo lilikuwa chini ya idara ya informatika? Kweli kabisa. Hans Petter Langtangen, aliyelifundisha na kulitungia kitabu, alikuwa profesa katika idara hiyo. Ila Langtangen alikuwa mtu wa mekanika na hesabu za kisayansi, na mfano wa mwanzo kabisa katika kitabu chake ni mpira unaorushwa juu wima. Kibao kilichopo mlangoni si hoja. Kinachogombewa ni nini mwanafunzi anakokotoa, na kama mwalimu wa mekanika anakipokea pale mwenzake alipoachia. Muhula wa salio la benki, ukifuatiwa na miaka miwili ya fizikia isiyogusa kompyuta hata mara moja, hauachi kitu kichwani. Wahadhiri wanaosimamia miradi ya mwaka wa mwisho wanalijua hilo vizuri: mwanafunzi ana alama nzuri ya programu kwenye matokeo yake, na bado data za maabara anazichora kwa rula.

Hivi karibuni watetezi wengine wamehamia hoja mpya. Wanasema somo lenyewe limepitwa na wakati, jirani hahitajiki wala fizikia haihitajiki, kwa sababu akili mnemba inaandika programu kwa sekunde chache. Inaandika, tena vizuri kuliko wanafunzi wengi. Iombwe programu ya kitu kwenye springi, pengine itaupanga mpangilio ule salama wa mistari bila hata kuambiwa. Tatizo halipo hapo. Lipo kwenye swali ambalo mwombaji hakujua kuliuliza, na mfano mzuri wa hilo unatoka Tanzania.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari Magamba wilayani Lushoto, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado wa moto kwenye jokofu, akaona umeganda kabla ya ule uliopoa. Alichek­wa na wenzake, na mwalimu wake pia. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo hilo Denis Osborne wa Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Tangu hapo dunia inaliita tukio hilo kwa jina la Mpemba.

Mwanafunzi wa leo akiiomba akili mnemba imwandikie programu ya kupoa kwa maji, kuna uwezekano mkubwa atapewa kanuni ya Newton ya upoaji: joto linashuka kwa kadiri ya tofauti kati ya maji na mazingira. Mistari miwili mitatu, na mchoro wa kupendeza. Aweke kikombe kimoja cha nyuzi 90 na kingine cha nyuzi 30. Cha nyuzi 90 kitashuka kwa kasi zaidi mwanzoni, kitafika nyuzi 30, na kuanzia hapo kitaifuata hatua kwa hatua njia ambayo mwenzake aliianzia. Hakiwezi kumpita. Abadilishe kiasi cha maji katika vyote viwili, abadilishe joto la jokofu, arudie mara elfu, Mpemba hatatokea kamwe kwenye mchoro ule.

Hapo ndipo fizikia inapoanza. Programu haina kosa, kwa hiyo ama Mpemba aliona vibaya, ama joto peke yake haliielezi hali ya maji. Mwanafunzi anayeandika mwenyewe analazimika kuchagua kigeu cha pili. Aongeze tungamo, kwa kuwa maji ya moto yanapotea kwa mvuke? Aongeze mzunguko wa maji ndani ya kikombe, ambao huwa mkali zaidi yakiwa moto? Vipi barafu ya jokofuni inayoyeyuka chini ya chombo cha moto na kukigusisha vizuri zaidi na ubaridi? Kila kigeu ni dai kuhusu dunia, na kila dai linaweza kupimwa kwenye jokofu lolote la mtaani. Wanasayansi wenyewe bado wanabishana. Henry Burridge na Paul Linden walichapisha mwaka 2016 kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha wa tukio hilo katika maji. Mwaka uliofuata Zhiyue Lu na Oren Raz wakaonyesha kwa hesabu jinsi mfumo wa moto unavyoweza kupata njia ya mkato. Na mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wakaionyesha kwa majaribio, wakitumia punje ndogo sana ndani ya maji iliyoongozwa kwa mwanga wa leza. Ni somo gani la salio la benki litakalomfikisha mwanafunzi kwenye mjadala huu katika muhula wake wa kwanza?

Imebaki hoja ya uwezo, ambayo Afrika Mashariki hutajwa upesi kuliko zote. Vyumba vya kompyuta havitoshi, umeme unakatika, mwanafunzi hana kompyuta mpakato. Ni shida za kweli, lakini hazihusiani na rai inayobishaniwa: idara ya kompyuta nayo inatumia vyumba vile vile na umeme ule ule. Lugha ya Python ni ya bure. Programu ya springi au ya kikombe cha maji inaendeshwa kwenye simu ya kawaida kupitia kivinjari, na simu hiyo inaizidi MANIAC kwa nguvu kiasi kwamba hata kuzilinganisha ni kuionea MANIAC. Data halisi nazo si siri. Zile za wimbi la uvutano lililonaswa na vigunduzi vya LIGO Septemba 14, 2015 zipo wazi kwa yeyote kuzipakua, pamoja na maelekezo ya namna ya kuzichambua.

Wala wanaozihitaji stadi hizo hawako mbali. Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa darubini ya redio ya SKA. Kigali kuna taasisi ya utafiti wa fizikia ya msingi, iliyoanzishwa mwaka 2018 chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda kwa ushirikiano na kituo cha kimataifa cha fizikia, ICTP, cha Trieste, Italia. Mwombaji wa nafasi katika mambo kama hayo haulizwi kama aliwahi kupanga majina kwa alfabeti.

Kuhusu muda, jibu ni fupi. Mtaala umejaa, sawa, lakini umejaa pia maswali yaliyolainishwa ili yajibike kwa kalamu. Penduli hufundishwa kwa pembe ndogo tu kwa sababu pembe kubwa haina kanuni nyepesi. Likiachiwa kutoka nyuzi 90, muda wake wa kwenda na kurudi unazidi ule wa kitabuni kwa asilimia 18. Kombora la darasani linaruka hewani pasipo hewa. Mwenye programu ya mistari kumi anaweza kuyarudisha hayo yote kwenye uhalisia ndani ya kipindi kimoja, na vipindi viwili vya mbinu za kuukwepa uhalisia vikafutwa.

Idara za fizikia hazihitaji kungoja mapitio ya mtaala ya miaka mitano ijayo, wala kugombana na jirani juu ya nani afundishe nini. Mtihani wa mekanika wa muhula ujao uwe na swali moja lisiloweza kujibiwa bila kuandika na kuendesha programu, na nusu ya alama zake zitolewe kwa mwanafunzi atakayeeleza alijuaje kwamba jibu la kompyuta yake si uongo.